Mimea Inapoyakataa Maji

Tangi la kioo la lita 150, ambalo nililiweka sebuleni mwangu Mombasa kwa gharama iliyozidi kidogo uwezo wa mfuko wangu, lilipandwa mimea 12 siku ya kwanza, na wiki ya sita ilipoingia ulikuwa umesalia mmoja tu, nao una majani matatu. Mmea mwekundu uliokuwa fahari ya tangi uligeuka kahawia kuanzia chini kwenda juu. Ule wenye majani mapana mithili ya panga ukatoboka matundu kama nguo iliyoliwa na nondo. Na zile nyasi fupi, ambazo nilitumaini zingetandaa juu ya changarawe kama zulia, zikang'oka moja moja na kuelea, hata ikawa kazi yangu ya kila asubuhi ni kuzichota kwa chujio la chai. Juu ya mabaki hayo mwani ulistawi, ukayavika mawe na kioo utando wa kijani, ilhali samaki walikuwa wazima, wakila na kuogelea kama kwamba hakuna msiba uliotokea. Uzima wao ndio ulionitatiza zaidi, kwani niliamini kuwa maji yanayomfaa kiumbe mmoja hayana budi kumfaa na mwenziwe.

Siku moja shangazi yangu alikuja kunijulia hali, akaketi mbele ya tangi lile, akalitazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maji haya umeyateka wapi?" Nikamjibu kuwa ni ya kisima cha uani, yale yale tunayopikia. "Basi ndiyo haya yanayolitia birika langu ukoko mweupe," akasema. "Kila mwezi naukwangua kwa kisu, na mwezi wa pili umerudi. Ikiwa yanakifanyia hivyo chuma, jani litasalimika vipi?" Dhana yake juu ya jani haikuwa sahihi kabisa, kama nitakavyoeleza, lakini swali lake juu ya maji lilikuwa ndilo swali ambalo ilinipasa kujiuliza kabla ya kununua hata mmea mmoja.

Nawaandikia makala haya wenzangu ambao wameonja uchungu huo, na wale wanaokusudia kuanza kazi hii ya kupendeza ya kutunza mimea na samaki ndani ya kioo. Rai yangu ni kwamba tangi ambalo mimea yake inakufa halihitaji kwanza mbolea zaidi, wala taa kali zaidi, wala mimea mipya ya kupandwa juu ya makaburi ya ile iliyotangulia. Lahitaji mwenyewe akae alisome, ajue ni mahali pa namna gani, kisha alipange upya kwa kadiri ya lile liwezalo kulea, si kwa kadiri ya lile alilolitamani. Mmea unaokufa ni shahidi, na ushahidi wake hautolewi kwa uongo.

Anayedhani kuwa masaibu haya yamempata yeye peke yake na apate faraja katika tarehe ya sanaa yenyewe. Mwaka 1829 tabibu mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aligundua kuwa kangaga iliyochipua ndani ya chupa iliyofunikwa ilistawi, ilhali mimea ya jinsi hiyo katika bustani yake ilikuwa ikidhoofishwa na moshi wa mji. Miaka ishirini baadaye mkemia wa mji huo huo, Robert Warington, alitaka kuthibitisha kuwa mmea na samaki waweza kulishana ndani ya kioo, mmea ukimpa samaki hewa ya kupumua na samaki akiupa mmea riziki yake. Akawatia samaki wadogo wawili wa dhahabu pamoja na mmea uitwao valisneria, ambao majani yake ni marefu na membamba kama utepe. Mambo hayakwenda kama alivyotaraji. Majani makuukuu ya valisneria yalianza kuoza, maji yakachafuka, na utando wa kijani ukatanda juu ya kioo, yaani hali ile ile niliyoiona sebuleni mwangu. Warington hakuitupa rai yake wala hakukimwaga chombo chake. Alitafakari jinsi madimbwi ya asili yanavyojitakasa, akakumbuka konokono ambao chakula chao ni hayo majani yaozayo na huo utando, akawatia wachache, na baada ya muda maji yakatakata. Taarifa aliyoitoa mwaka 1850 ikawa miongoni mwa misingi ya ufugaji wote wa samaki ndani ya vioo. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ya kutazamwa na watu wote ikafunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikalieneza jina la akwaria. Kwa hiyo ushindi wa Warington ulipatikana katika mpango wa pili, baada ya ule wa kwanza kuharibika. Wahenga wetu walisema kweli kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mmea wa majini wahitaji mambo matatu makuu: nuru, hewa ya ukaa na chakula cha madini. Habari za nuru zilidhihirishwa mwaka 1779 na tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, ambaye aliyatia majani mabichi ndani ya maji na kuona kuwa juani yalitoa mapovu madogo madogo ya hewa, na gizani yaliacha. Habari za hewa ya ukaa ni ngumu zaidi kwa mtunza tangi, kwa sababu hewa hiyo huenea ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyoenea katika anga. Jani lililo nje ya maji hupepewa na riziki yake kila wakati, na jani lililo ndani ya maji hulazimika kuingoja. Ama chakula cha madini, yaani naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na vinginevyo, sehemu yake hutoka katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao, na sehemu haina budi kuletwa na mwenye tangi.

Mambo haya hayasaidiani kwa kufidiana. Wataalamu wa kilimo wa Ujerumani wa karne ya 19, Carl Sprengel na baada yake Justus von Liebig, walifundisha kuwa ukuaji wa mmea hutawaliwa na kile kilichopungua kuliko vyote, na walimu waliokuja nyuma yao hulifananisha jambo hilo na pipa ambalo mbao zake hazilingani urefu: hata ukimimina maji kutwa kucha, hayatapita kimo cha ubao ulio mfupi kuliko yote. Mimi nilipoona mimea inafifia nilinunua taa kali zaidi, na kwa kufanya hivyo niliurefusha ubao ambao tayari ulikuwa mrefu. Nuru ilizidi, hewa ya ukaa ikabaki haba, mimea ikashindwa kuitumia nuru ile, na mwani, ambao huridhika na kidogo na huzaliana upesi, ukaichukua yote.

Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kwa kushawishiwa na picha, na katika zama zetu hakuna aliyetuonyesha picha nzuri kuliko Takashi Amano wa Japani, aliyezaliwa Niigata mwaka 1954, mpiga picha wa misitu na mito, ambaye alipanga mawe, magogo na mimea ndani ya kioo hata mtazamaji akadhani anachungulia bonde la kweli. Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa, iliyofunguliwa Lisbon mwaka 2015, mwaka ule ule aliofariki, ina urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Namheshimu Amano kwa taadhima yote, na hakuificha njia yake. Walakini picha yenyewe haiwezi kumwonyesha mtu mtungi wa hewa ya ukaa unaopuliziwa majini, udongo maalumu uliochomwa, wala saa nyingi za kupogoa kwa mkasi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayeitaka bustani ile bila kuigharimia atapata kile nilichokipata mimi.

Basi tangi lisomwe, na lianze kusomwa majanini. Ikiwa majani makuukuu ya chini yanakuwa ya manjano yote na kudondoka ilhali machipukizi ni mazima, aghalabu mmea unakosa naitrojeni, nao unaikopa kutoka kwa majani ya zamani ili kuyalisha mapya. Ikiwa majani hayo makuukuu yanapata vitundu vyenye kingo za manjano, potasiamu ndiyo inayoshukiwa kwanza. Ikiwa machipukizi yenyewe ndiyo yanayotoka yamepauka, vishipa vyake tu vikibaki kijani, chuma kimekosekana, au kimo lakini katika hali ambayo mmea hauwezi kukinyonya, jambo linalotokea sana katika maji yenye chokaa nyingi. Na ikiwa majani yote yanayeyuka katika wiki mbili tatu za kwanza, subira yahitajika kuliko dawa. Kwani mimea mingi ya madukani hukuzwa majani yakiwa nje ya maji, na ikizamishwa huyaacha majani yale ya anga na kuota mengine ya majini. Jamii ya kriptokorini, ambayo mingi ya mimea yake hutoka Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki, hufanya hivyo hata kwa kuhamishwa tu kutoka tangi hadi tangi: hugeuka uji, na mwenye haraka huing'oa na kuitupa, ilhali mizizi iko hai chini ya changarawe ikijitayarisha kuchipua.

Baada ya majani, yasomwe maji na mawe. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imelala juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake hupita katika jiwe hilo yakiyeyusha chokaa. Ndiyo maana sabuni haitoi povu upesi na birika la shangazi hufanya ukoko. Maji hayo huitwa magumu, nayo hayaunguzi jani kama shangazi alivyodhani, bali huufanya mmea usiokuwa wa asili hiyo ushindwe kupata hewa ya ukaa na chuma kwa urahisi. Fauka ya hayo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza ugumu kwa kutandika mchanga mweupe wa pwani na vipande vya matumbawe kwa ajili ya uzuri. Lipo jaribio jepesi: dondoshea siki juu ya jiwe kavu au mchanga, na ukiona mapovu, jua kuwa ndani yake mna chokaa. Joto nalo lina sehemu yake, kwani maji ya sebule zetu hufika nyuzi 29 au 30 katika miezi ya kaskazi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo, ilhali mmea nao huzidi kutumia akiba yake kwa kupumua.

Nilipokwisha kuyajua hayo nililipanga tangi upya, na napenda kueleza utaratibu wake, kwa kuwa wapo wanaoharibu kwa pupa kile walichokusudia kutengeneza. Katika changarawe na katika sifongo ya chujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa; umma huu mdogo huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawasawa, na mtu anayeosha kila kitu kwa maji ya bomba yenye klorini huuangamiza kwa siku moja, kisha hustaajabu samaki wake wakifa. Kwa hiyo niliwahamisha samaki katika ndoo ya maji yao wenyewe, nikaiweka sifongo katika maji hayo hayo, nikahifadhi nusu ya maji ya tangi, nikaondoa mchanga wa pwani na kuacha changarawe ya mtoni iliyofaulu jaribio la siki, nikaiinamisha iwe nene nyuma na nyembamba mbele ili jicho lipate kina. Katikati, ila si katikati kamili, niliweka gogo moja kavu ambalo nilikuwa nimeliloweka kwa wiki tatu hata likaacha kutoa rangi ya chai. Gogo lenyewe lilikuwa la mti wa shambani uliokufa, kwani mikoko hai ya mwambao wetu isikatwe kwa mapambo, nayo ina sheria zinazoilinda. Taa ile kali niliigawia jirani, nikairudisha ya kwanza, nikaiwasha kwa saa sita kwa siku badala ya kumi na mbili, na tangi nikalisogeza mbali na dirisha la jua.

Uchaguzi wa mimea ndio moyo wa mpango mpya. Valisneria ile ile ya Warington yafaa sana kwa maji magumu, kwa kuwa ina uwezo wa kuchukua ukaa uliofungamana na chokaa ndani ya maji, uwezo ambao mimea mingi ya misitu yenye maji laini hainao. Na hali kadhalika seratofili, mmea usio na mizizi, unaoelea kama mkia wa mnyama wa manyoya, na unaokua upesi hata kuunyima mwani chakula. Anubia, ambayo asili yake ni vijito vya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hukua polepole, hupenda kivuli, na majani yake magumu huwachosha samaki watafunaji. Sharti lake moja ni kwamba shina lake nene lilalalo lisifukiwe, bali lifungwe kwa uzi juu ya gogo au jiwe, kwani likifukiwa huoza. Kangaga ya Java hutunzwa vivyo hivyo. Na ukichagua, chagua aina chache, uzipande nyingi kwa pamoja, wala usikusanye moja moja kama mtu anayeonja vyakula vyote vya karamu. Macho hutulia kwa wingi wa kitu kimoja, na mmea uliozoea mahali huwaandalia watoto wake mahali.

Kuna watu ambao maji yao, kazi zao au samaki wao hawaruhusu hata mimea hii michache, na kwao nasema kuwa kuacha mimea kabisa si aibu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, linalopakana na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina ufuo mrefu wa majabali ambapo hakuna mmea wenye jani, na maji yake ni magumu na yenye magadi. Walakini ni miongoni mwa mahali penye samaki wa ajabu kuliko pote duniani, wakiwamo sikilidi zaidi ya aina 200. Samaki wa jamii ya Tropheus huishi kwa kukwangua utando wa mwani juu ya majabali hayo, na wengine wadogo hufanya maskani ndani ya makombe matupu ya konokono. Mtu akipanga mawe yake kwa mfano wa ufuo huo, akayarundika imara juu ya sakafu ya tangi na kuacha mapango na mianya, mwani uliokuwa adui wake jana hugeuka kuwa malisho leo. Na kama moyo bado wataka kijani, mimea ikuzwe majani yake yakiwa nje na mizizi tu ikining'inia majini, kama ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo ambao wengi huutundika verandani. Huo hupata hewa ya ukaa katika anga isiyo na uchoyo, na kwa mizizi yake huyatakasa maji.

Lakini katika kupogoa na kupunguza, na tuwe na insafu kwa maji yaliyo nje ya nyumba zetu. Mmea unaozidi tangini usitupwe mtoni wala mtaroni, bali uanikwe juani mpaka ukauke, kisha ufukiwe. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini na ambalo watu walilipeleka nchi nyingi kwa ajili ya maua yake mazuri, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo limewafungia wavuvi njia na kuziba ghuba kama ile ya Kisumu. Kilichopandwa kwa mapenzi ya macho kimewanyima wengine riziki yao.

Sasa umepita mwaka na miezi miwili. Valisneria imetuma vitambazi chini ya changarawe na kujaza upande mzima wa nyuma. Seratofili naipunguza kila Ijumaa. Mwani upo, mwembamba, juu ya jiwe moja ambalo nimewaachia konokono. Ule mmea mmoja uliosalia na majani matatu katika msiba wa kwanza ulikuwa anubia, nao ulisalia kwa sababu ni huo tu kati ya ile 12 uliokuwa umeletwa mahali unapopaweza. Nimeufunga juu ya gogo, na leo una majani 17. Shangazi alipokuja wiki iliyopita aliyahesabu mwenyewe, akaniuliza kama nimebadili maji. Nikamwambia sikubadili. Ni yale yale ya kisima cha uani, na birika lake bado lafanya ukoko.